Mpiga kasia anayepitisha wageni uani kwake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Qiu Yuexian anafuta umande kwenye viti vya mashua yake. Anaanza na kiti cha nyuma, anamalizia na cha mbele, kisha anachukua kopo na kuchota maji yaliyojikusanya chini ya mbao. Anayarudisha bwawani polepole, bila kelele, kama mtu aliye chumba kimoja na mtoto mchanga aliyelala.

Wenzake hawajafika. Mashua nyingine ishirini na moja zimefungwa gatini, na ukungu umefunika matete yote ya ng'ambo. Yangeyange wawili wamesimama kwenye kina kifupi wakisubiri samaki. Yuexian anawapa mgongo. Tangu Jumatatu hajageuza uso upande wa mashariki wa bustani hii, na njia za maji za upande huo amewaachia wenzake.

"Mama mkwe alikuwa anasema mti ukichunguliwachunguliwa unaona haya," anasema, huku akikamua kitambaa. "Basi mimi nimeamua siuchungulii. Saa nne tutajua."

Saa nne asubuhi ya leo, mtaalamu wa miti wa bustani atakwenda kuukagua mpersimoni mmoja, mti wa matunda, uliosimama kwenye ngazi tatu za mawe, mahali palipokuwa na nyumba. Ukionekana mzima, utaachwa. Ukionekana umekufa, utakatwa wiki hii hii na hapo patajengwa gati dogo. Nyumba hiyo ilikuwa ya Yuexian.

Bustani ya Ardhioevu ya Zhudou iko nje kidogo ya Hangzhou, upande wa magharibi. Watu wa mjini huja hapa kupumzisha kichwa. Hulipa yuan sitini, hukaa sita sita mashuani, huzima simu au hujidai wamezima, na wakishapita kona ya pili ya mfereji husema neno lile lile: pametulia.

Yuexian, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, amelisikia neno hilo kwa miaka kumi na minane, mara nane au kumi kwa siku. Hujibu "ndiyo, pametulia," maana ndiyo kazi yenyewe. Ila ukimbana kidogo anacheka.

"Zamani hapa kulikuwa na kelele wewe," anasema. "Bata peke yao walitosha kumtia mtu wazimu. Halafu wanawake sasa. Nikiishiwa chumvi nasimama kwenye ngazi naita tu. Jirani wa ng'ambo ananirushia maneno kwanza, chumvi baadaye."

Zhudou kilikuwa kijiji cha kaya mia moja na kumi na nne, na mabwawa yalikuwa mengi kuliko kaya. Watu walifuga samaki, walilisha viwavi wa hariri majani ya miforosadi, na kila tuta kati ya bwawa na bwawa lilikuwa na mipersimoni yake. Barabara haikuwapo. Mtu aliingia kwake kwa maji, akafunga kamba kwenye ngazi zake za mawe, akapanda, akawa amefika. Bibi harusi aliletwa kwa mashua, na jeneza liliondoka kwa mashua.

Miaka ishirini iliyopita kijiji kilihamishwa ili maji yapone. Sisemi lilikuwa jambo baya. Maji yalikuwa yameanza kuharibika kweli, na sisi tunaokaa Hangzhou tunapapenda palivyo sasa, tusijifanye. Nyumba zilibomolewa, fidia ikalipwa, watu wakapewa makazi kwenye maghorofa yanayoonekana nyuma ya matete. Miaka miwili baadaye bustani ikatafuta wapiga kasia, ikakuta kwamba wanaojua kulisukuma na kulivuta lile kasia refu la nyuma, mashua isizunguke papo hapo, ni wale wale waliohamishwa.

Basi Yuexian akarudi kwao, safari hii amevaa sare ya bluu na kofia ya mianzi yenye nembo. Mshahara wake sasa ni yuan elfu nne na mia moja kwa mwezi. Anasema unamtosha yeye na mumewe, mradi wasiugue wote wawili mwezi mmoja.

Wiki ya kwanza ya kazi hiyo anaikumbuka kwa aibu. Ilikuwa safari ya mwisho kabla ya chakula cha mchana, na mashuani walikuwamo wageni sita. Jua lilikuwa kali, alikuwa amechoka, na mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Alipofika kwenye ngazi tatu za mawe alifunga kamba, akavua kofia, akapanda, akaenda zake kuwasha jiko.

"Nilishafika mlangoni," anasema. "Yaani pale ulipokuwa mlango. Nimenyoosha mkono kabisa niusukume. Nikashika hewa."

Nyuma yake mzee mmoja kutoka Shanghai alikuwa akiuliza kama hapo ndipo penye choo. Wengine walishaanza kushuka. Yuexian akageuka, akavaa kofia yake, akawatangazia kwamba wamefika mahali pa kutazama mpersimoni wa kale. Wote wakautazama. Mmoja akaupiga picha. Anakiri kwamba aliwaongopea, kwa sababu mti wenyewe ulikuwa na miaka ishirini na miwili tu.

Aliposimulia mkasa huo nyumbani jioni, mumewe, Chai Genfa, hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: mti ulikuwa umezaa?

Mti huo ulibebeshwa na mama mkwe wake mwaka 1985, majira ya kuchipua, miezi miwili baada ya Yuexian kuletwa Zhudou. Msomaji wa Muheza anayebebesha michungwa anaijua kazi hiyo. Unachukua mche wa porini wenye mizizi sugu, unaukata, unauchomekea kijiti cha mti mzuri, unafunga. Chini ya kovu unabaki wa porini, juu yake ni mti ulioutaka mwenyewe. Mpersimoni wa porini huzaa vitunda vyeusi kama zambarau, vya kutia ulimi ganzi. Mpersimoni wa Zhudou huzaa matunda mekundu, laini, matamu, ambayo mtu hutoboa ngozi na kufyonza. Kovu la mti huu mama mkwe aliliweka shibiri moja kutoka ardhini.

"Yule mama alikuwa hana maneno matamu," Yuexian anasema. "Mwaka mzima wa kwanza jina langu lilikuwa 'wewe'. Lakini siku anabebesha ule mti nilimshikia kamba, akaniambia, huu wako. Ukiuacha ufe, ujue umenitukana."

Mama mkwe amefariki miaka mingi sasa. Neno lake halijafariki.

Watu wa Zhudou walikuwa na desturi ambayo vijana wa maghorofani wanaisikia kama hadithi. Siku ya nane ya mwezi wa kumi na mbili kwa kalenda yao ya mwandamo, siku ya kupika uji wa nafaka nane, walikwenda kuihoji miti. Kazi ilitaka watu wawili. Mmoja alishika shoka, akaugonga mti kidogo, mara tatu, akiuliza: unazaa au huzai? Usipozaa nakukata. Wa pili alijificha nyuma ya shina akajibu kwa niaba ya mti: nitazaa. Mwenye shoka hakuridhika kirahisi, akauliza tena: vikapu vingapi? Mti ukataja. Kisha vile vidonda vitatu vikapakwa uji, na watu wakaenda kunywa uliobaki.

Nyumbani kwa Yuexian mwenye shoka alikuwa mama mkwe. Mti alikuwa Genfa.

"Miti ya wenzetu ilikuwa inaahidi vikapu kumi, kumi na viwili, ilimradi maneno," Yuexian anasema. "Genfa yeye kila mwaka ni sita. Mama yake anamwambia sema kumi, mtoto gani wewe. Hasemi. Sita. Na kweli vilikuwa sita, mwaka mbaya vitano."

Hata hivyo mti hauishi kwa vitisho. Kila majira ya baridi wanaume waliingia na mashua mabwawani, wakiwa na mianzi miwili mirefu iliyounganishwa na kikapu chenye mdomo, wakachota tope jeusi la chini na kulirundika kwenye mashina. Bwawa likabaki na kina, samaki wakapata nafasi, miti ikala. Harufu yake ilikuwa haivumiliki, na hakuna aliyeilalamikia kwa sababu kila nyumba ilinuka sawa.

Bustani ilipofunguliwa, kuchota tope kukakoma. Mtu wa mjini halipi kiingilio aje kuziba pua, na hilo linaeleweka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mabwawa yakaanza kujaa, na mipersimoni ikaanza kukonda, mmoja mmoja, kwa miaka, mpaka ikawa hakuna anayeshangaa. Mwaka juzi ule wa Yuexian ulizaa matunda kumi na moja. Mwaka jana haukuzaa hata moja. Mwezi wa kumi, mtu alipita na kopo la rangi nyekundu akauchora duara kwenye shina, alama ya miti ya kukatwa.

Yuexian aliliona duara hilo akiwa na abiria.

"Niliendelea kupiga kasia," anasema. "Ningefanyaje, watu wamelipa. Nikawaonyesha yangeyange, nikawaonyesha matete. Nilipowashusha gatini ndipo nikauliza nani kalichora."

Aliyechora duara anaitwa Zhuang Yifan. Ana miaka thelathini na mmoja, ndiye mtaalamu wa miti wa bustani, na kwao ni Shanxi, mkoa wa milima na vumbi. Hajui kuogelea. Huvaa jaketi la kuokolea maisha kuanzia gatini, na wapiga kasia humtania kwamba hata kitandani hulala nalo. Yuexian alimfuata ofisini mchana ule ule, akamkuta anakula tambi.

Zhuang anasema alijiandaa kusikia kilio, lakini hakukuwa na kilio. Yuexian alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Akaniambia, binti, mti ule hauumwi. Una njaa," anasimulia Zhuang. "Nikamuuliza, Shangazi, mara ya mwisho mti umekula lini? Akasema, majira ya baridi ya mwisho kabla hatujahamishwa. Nikaweka tambi zangu chini."

Haikuwa rahisi kuushawishi uongozi. Mwishowe mti ulipewa baridi moja, na muda mpaka siku ya Mvua ya Nafaka, siku ya kalenda ya jadi inayoangukia karibu tarehe ishirini Aprili. Siku hiyo kila mpersimoni wa Hangzhou ulio hai unakuwa umeshatoa majani. Siku hiyo ndiyo leo.

Yuexian alitumia siku zake kumi na moja za mapumziko kuchota tope. Mianzi aliikata mwenyewe, kikapu alikisuka mwenyewe, na Zhuang, ndani ya jaketi lake, alikuwa akishikilia mashua kwa kamba kutoka tutani. Wageni waliopita waliziba pua. Mmoja aliandika malalamiko ya kurasa mbili, na Zhuang akamjibu kwa kurasa tatu. Walilirundika tope mpaka magotini, wakalifukia kovu la kubebesha na sehemu ya lile duara jekundu.

Ikaja siku ya nane ya mwezi wa kumi na mbili. Yuexian alipika uji akautia kwenye chupa ya chai, akamwomba mumewe waende wote. Genfa akakataa kata kata.

Ni vyema kueleza hapa kwamba Genfa, tangu wahame, hajakanyaga Zhudou hata mara moja. Wakazi wa zamani wana kadi ya kuingia bure. Ya kwake imo kwenye droo, bado imefungwa kwa nailoni yake. Amekuwa akitoa sababu moja tu kwa miaka yote: "Getini wataniambia, karibu mgeni. Nitawajibu nini?"

Hivyo Yuexian akaenda na Zhuang. Wafanyakazi hawaruhusiwi kuingia na chuma chenye makali, kwa hiyo Zhuang alisaini kitabu cha stoo na kutoa shoka la bustani. Njiani Yuexian alimweleza desturi inavyokwenda, ili tu asishangae. Alikuwa amepanga kuuliza mwenyewe na kujibu mwenyewe.

"Nikanyanyua shoka," Yuexian anasema, na hapa anaacha kufuta viti. "Miaka yote ile tulikuwa tunautishia kwa utani. Sisi tunajua ni utani, mti unajua. Safari hii duara liko mbele ya macho yangu, na shoka lenyewe ndilo watakalokuja nalo. Nikasema, unazaa au... Sikuweza kumalizia."

Alisimama hivyo, mkono juu. Bwawani kulikuwa na barafu nyembamba. Ndipo nyuma ya shina ikasikika sauti ya mtu wa Shanxi, isiyojua hata namna ya kutamka maneno ya huku, ikisema kwamba itazaa.

Yuexian anasema alicheka na kulia kwa pamoja, akakumbuka kwamba kuna swali la pili. Akauliza vikapu vingapi. Nyuma ya mti kukawa na kimya cha mtu anayepiga hesabu. Kisha jibu likatoka: vinane.

"Nane ni namba ya heri," Zhuang anajitetea leo, masikio yamemwiva. "Na duara nilichora mimi. Nikaona mtu wa kuujibia ule mti ni mimi, maana kama si mimi usingehitaji kujitetea."

Saa nne kasorobo Yuexian anashusha wageni wake wa pili, familia kutoka Wenzhou ambayo mama yao amesema pametulia mara nne. Zhuang anapanda na kukaa mbele. Mwandishi wa makala haya anakaa katikati. Mashua inageuza pua mashariki kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Kwenye matuta ya pande zote mbili mipersimoni mingine imeshavaa majani, ya kijani kibichi cha kung'aa. Mfereji unapinda, na mti wa Yuexian unaonekana. Ni mtupu. Kuanzia kileleni hadi pale macho yanapofika kwenye tope, hakuna hata jani moja. Kasia halibadiliki mwendo. Anafikisha mashua kwenye ngazi tatu za mawe, anafunga kamba kwa fundo lile lile alilolifunga maisha yake yote, na kushuka.

"Tazama chini, Shangazi," Zhuang anasema.

Chini, mahali tope la baridi lilipokauka na kupasuka, kimechomoza kichipukizi chembamba chenye majani manne. Zhuang alikiona Jumanne, akanyamaza. Anaeleza sababu kwa sauti ndogo. Kimetoka ndani ya tope, na kovu liko humo humo ndani ya tope. Ikiwa kimeota chini ya kovu, basi ni ule wa porini unaochipua, na mti wa mama mkwe umekwisha. Uongozi hauwezi kuacha kujenga gati kwa ajili ya kichaka cha porini. Ikiwa kimeota juu ya kovu, ndio wenyewe.

Yuexian anapiga magoti. Anapewa koleo dogo, analikataa. Anaanza kubandua tope kwa vidole, kipande kwa kipande, akianzia mbali na kichipukizi na kusogea taratibu. Zhuang anajaribu kupiga magoti pembeni yake, jaketi linamzuia, analivua na kulitupa kwenye nyasi. Ni mara ya kwanza mwandishi huyu kumwona bila hilo jaketi.

Inachukua dakika kama kumi. Tope likishalainika kwa unyevu wa ndani linatoka kwa urahisi, na ile harufu ya zamani inapanda. Yuexian anaivuta kwa pua. Kisha vidole vyake vinasimama. Amelifikia kovu kabla ya kuliona, uvimbe unaolizunguka shina, mgumu kama goti. Anafumba macho na kuweka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya uvimbe huo, kimoja juu ya kingine, vimelala kwenye gome. Kwa mkono wa kushoto anatafuta mahali kichipukizi kinapoanzia.

Kinaanzia juu ya kidole cha pili.

"Juu," anasema.

Zhuang anainama mpaka shavu linagusa tope. Anapima kwa rula. Sentimita tatu na nusu. "Juu," naye anasema, na kuandika kwenye daftari lake, halafu anaandika tena mstari wa pili kana kwamba wa kwanza unaweza kufutika.

Yuexian anakwenda kukaa kwenye ngazi ya katikati na kulia waziwazi, mikono yenye tope imelala mapajani, bila kujifuta. Haongei na Zhuang wala na mwandishi. Anaongea na mtu mwingine.

"Sijakutukana, mama," anasema. "Umeona? Sijakutukana."

Habari si nzuri yote. Shina la zamani limekufa kuanzia magotini kwenda juu, tawi alilokuwa akipanda Genfa likiwemo, na litapigwa msumeno mwezi ujao ili lisimwangukie mtu. Kitakachobaki ni kisiki na kichipukizi chake. Gati litasogezwa mita arobaini. Zhuang anakadiria kwamba tunda la kwanza halitaonekana kabla ya miaka mitano.

"Nitakuwa na sitini na saba," Yuexian anapiga hesabu. "Haidhuru. Persimoni haitaki meno."

Mkataba wake wa kupiga kasia unaisha mwakani, umri ukifika. Zhuang ameshaomba kwamba kila baridi Yuexian arudi kwa wiki tatu kuwafundisha wafanyakazi wa bustani kuchota tope, kwa ajili ya mipersimoni mia tatu iliyobaki. Yuexian amekubali kwa sharti moja, kwamba wanafunzi wake wasije na viziba pua.

Saa kumi na mbili jioni, ghorofa ya kumi na moja. Genfa, miaka sitini na sita, amekaa kibarazani akimenya machipukizi ya mianzi kwa ajili ya chakula cha usiku. Kutoka hapo Zhudou yote inaonekana, maji na matete na ukungu unaoanza kushuka. Kiti chake kimeipa mgongo.

"Wamekata?" anauliza, bila kuinua kichwa.

Yuexian anamsimulia. Majani manne, kovu, vidole viwili. Genfa anaendelea kumenya, maganda yanaanguka kwenye beseni. Ndipo mkewe anamwambia jambo ambalo tangu siku ya uji hakuwa amemwambia, kwamba mti ulihojiwa, na kwamba aliyejibu ni yule binti wa Shanxi.

"Aliahidi vingapi?"

"Vinane."

Kisu kinasimama.

"Vinane," anasema Genfa. "Mti ule lini umewahi kufika vinane? Sasa ukishindwa, nani ataonekana mwongo? Si huyo binti. Mti."

"Basi ungekuwepo ukasema wewe."

Genfa anaweka kisu kwenye beseni, anasimama kwa kushikilia meza, maana magoti yake si ya zamani, na kukigeuza kiti. Anakaa tena. Sasa anatazama nje.

"Utanipitisha kwa maji," anasema baadaye. "Getini siendi."

"Nitakupitisha kwa maji."

"Nifike ngazini, nijibu, nirudi."

"Na uji unywe."

"Uji nitaunywa."

Yuexian anamkumbusha kwamba shina halitakuwapo tena, kitakuwapo kimche cha shibiri moja, na mtu mzima hawezi kujificha nyuma ya kimche. Genfa anasema atachuchumaa. Yuexian anamuuliza kama atasema sita.

"Sita na majani manne?" Genfa anamtazama kama mtu aliyetaka kumwibia. "Nitasema ukweli. Nitasema, nipeni miaka mitano."

"Na mwaka utakaofuata?"

"Nitasema nipeni minne," anasema Genfa, na kurudi kwenye machipukizi yake.